Chandrasekhar: kijana aliyepiga hesabu ya mauti ya nyota akiwa baharini

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali tuliyolelewa nayo sote, na mimi sina nia ya kuitia ila. Lakini kila methali ina mahali pake, na leo nataka kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu maisha ya mtu mmoja ambaye hakulisikia la mkuu, na guu lake halikuvunjika. Alichekwa mbele ya watu, akanyamaza, akaondoka, na baada ya miaka mingi mbingu zenyewe zikamtolea ushahidi.

Mtu huyo ni marehemu Subrahmanyan Chandrasekhar, mwanachuoni wa falaki aliyezaliwa Bara Hindi mwaka 1910 na kufariki Chicago, Marekani, mwaka 1995. Rafiki zake walimwita Chandra, jina ambalo kwa Kisanskriti lina maana ya mwezi. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Huenda mtu akaniuliza: Mhindi wa Madras anatuhusu nini sisi watu wa Mvita? Anatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza ni bahari. Njia ya kutoka Bandari ya Kale hapa Mombasa hadi Bombay ni njia ya tangu na tangu. Majahazi yalishuka na kaskazi yakileta nguo na vyombo, yakarudi na kusi yamebeba pembe. Na katika miaka ya 1950 na 1960 meli za Kampala na Karanja zilitia nanga Kilindini zikitoka huko huko Bombay, na wapo wazee wa Mji wa Kale wanaozikumbuka hadi leo. Jambo la pili ni kwamba mlango wa kuzijua siri ambazo hesabu za mtu huyu ziliziashiria ulifunguliwa katika pwani yetu wenyewe, si mbali na Malindi. Huko nitafika.

Chandra alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1910 katika mji wa Lahore, ambao siku hizi uko Pakistan. Lahore ndio uliokuwa mji mkuu wa Punjab, jimbo walikotoka wengi wa vibarua na mafundi walioletwa hapa kujenga reli kuanzia mwaka 1896. Baba yake naye alikuwa mtu wa reli, lakini si wa nyundo na mataruma. Alikuwa afisa wa hesabu. Nyumba ilikuwa na watoto kumi, na Chandra alikuwa wa kwanza wa kiume. Mama yake, Bi. Sitalakshmi, hakupata kusoma sana shuleni, lakini alikuwa mpenda vitabu hata akaufasiri mchezo mmoja wa Henrik Ibsen kwa lugha ya Kitamil. Ami yake, C. V. Raman, alikuwa mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Kijana alisomeshwa nyumbani hadi alipotimu miaka 12. Kisha, baada ya jamaa kuhamia Madras, akaingia shule na baadaye Presidency College. Mwaka 1928 alifika Madras mwanachuoni mkubwa wa Kijerumani, Arnold Sommerfeld. Chandra, kijana mbichi wa miaka 18 hivi, alimfuata hotelini kwenda kumwamkia na kumweleza alivyosoma. Mzee yule akamwambia kwamba aliyoyasoma yote yamekwisha kupitwa na wakati, kwani huko Ulaya imezuka elimu mpya ya chembe ndogo kabisa za vitu. Mwingine angalivunjika moyo. Chandra alirudi nyumbani na maandishi aliyopewa na mgeni yule, na baada ya miezi michache tu alikuwa ameandika makala yake mwenyewe juu ya elimu hiyo mpya.

Mwaka 1930 serikali ikampa msaada wa masomo kwenda Cambridge, Uingereza. Hapo ndipo ulipomfika mtihani wa kwanza wa maisha yake. Mama yake alikuwa mgonjwa sana. Jamaa wengine waliona si haki mwana wa kiume kumwacha mama katika hali ile. Aliyemtuma aende ni mama mwenyewe. Hakutaka ugonjwa wake uwe pingu ya mwanawe. Chandra akapanda meli Bombay tarehe 31 Julai 1930. Mama yake alifariki mwezi wa Mei mwaka uliofuata, na mwana hakumwona tena. Kila nikiisoma habari hii huwaza kwamba elimu tunayoisifu ina deni kwa mama wengi ambao majina yao hayaandikwi.

Sasa hebu tumtazame baharini. Mwisho wa Julai pepo za kusi zimekaza, na kila nahodha wa jahazi anajua kuwa huo si wakati wa kuvuka Bahari ya Arabuni. Meli ya moshi ilivuka kwa taabu. Bahari ilipotulia, kijana yule wa miaka 19 alikaa na karatasi zake akaanza kuliwaza swali moja: nyota hufaje?

Nyota, kama jua letu, huwaka kwa moto ulio ndani yake, na moto huo ndio unaoizuia isijiangukie kwa uzito wake. Siku moja kuni humalizika. Wakati huo wanavyuoni walijua kwamba nyota iliyokwisha kuni hujikunja ikawa ndogo kama dunia hii, lakini nzito mno. Nyota hizo huitwa vibeti weupe. Kinachozishikilia zisizidi kuanguka ni elektroni, chembe ndogo ambazo hukataa kubanwa pamoja. Profesa Ralph Fowler, ambaye Chandra alikuwa anakwenda kusoma kwake Cambridge, ndiye aliyeyaeleza hayo mwaka 1926. Kila mtu akaridhika kwamba nyota zote, kubwa kwa ndogo, zimepata kaburi la amani.

Chandra aliongeza jambo moja. Aliona kwamba katika nyota nzito chembe hizo hubanwa hata zikaenda mbio kukaribia mwendo wa nuru, na kwa kanuni za Einstein mambo hapo hubadilika. Alipopiga hesabu upya akapata jibu la kutisha: kuna kikomo.

Atakaye kuelewa aingie katika nyumba yoyote ya mawe ya Mji wa Kale, inue macho atazame dari. Dari ile imebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vyetu vya kale ni virefu lakini vyembamba. Fundi hakupenda iwe hivyo. Alijua boriti ina mwisho wa kubeba, na ukizidisha, dari itakuja chini. Chandra aligundua kwamba nyota nazo zina boriti, na boriti hiyo nayo ina mwisho wake. Kibeti mweupe hawezi kuzidi uzito wa jua letu mara 1.4 hivi. Ukizidi hapo, boriti huvunjika. Edmund Stoner wa Leeds na Wilhelm Anderson wa Tartu walikuwa wamekwisha kuligusia jambo hili kwa njia zao, lakini Chandra ndiye aliyelishikilia hadi mwisho na kuuliza: dari ikishaanguka, nini kinafuata?

Alifika Uingereza na karatasi zake, wala hakupata wa kuzishangilia. Aliendelea kusoma, akapata shahada ya udaktari mwaka 1933, akachaguliwa kuwa mmoja wa wanavyuoni wa Trinity College. Hapo Cambridge alikuwapo Sir Arthur Eddington, mfalme wa falaki katika zama zile. Huyu ndiye aliyesafiri mwaka 1919 hadi kisiwa cha Principe, pwani ya magharibi ya Afrika, akapima nuru ya nyota wakati wa kupatwa kwa jua na kuuthibitishia ulimwengu kwamba Einstein alisema kweli. Eddington alimpenda Chandra. Alikuwa akipita chumbani kwake mara kwa mara kuuliza hesabu zimefika wapi, na kijana akimweleza yote bila kuficha.

Tarehe 11 Januari 1935 Chandra alisimama mbele ya chama cha wanafalaki wa Uingereza, mjini London, akaisoma kazi yake iliyokamilika. Alipokaa, akasimama Eddington. Kumbe mzee alikuwa na hotuba yake, na hakumdokezea kijana hata neno moja. Akasema hesabu zile zimejengwa juu ya msingi mbovu. Akaonyesha kwamba zikifuatwa, nyota nzito itazidi kujikunja hadi uvutano wake uwe mkubwa kiasi cha kuizuia hata nuru isitoke. Jambo hilo aliliona upuuzi; akasema lazima iwepo kanuni ya maumbile ya kuizuia nyota isifanye ujinga kama huo. Watu wakacheka. Walicheka si kwa kuwa wamezifahamu hesabu, bali kwa kuwa aliyesema ni Eddington.

Tazama msomaji ajabu ya siku ile. Kile alichokielezea Eddington kwa mzaha ndicho hicho tunachokiita leo shimo jeusi. Alikishika mkononi kabla ya wengi, akakitupa kwa sababu hakukipenda.

Chandra aliwaandikia wakubwa wengine kutaka msaada. Léon Rosenfeld, aliyekuwa akifanya kazi na Niels Bohr kule Copenhagen, alimjibu kwamba hawaoni kosa katika hesabu zake. Wolfgang Pauli naye aliona vivyo hivyo. Lakini hakuna hata mmoja aliyekubali kusimama hadharani kusema hivyo. Kwangu mimi hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Eddington alikosea, na kukosea ni kwa kila mja. Lakini hawa wengine walijua, wakanyamaza. Barazani kwetu yako pia mambo kama hayo: mtoto wa juzi anasema la kweli, mzee anamkemea, na waliojua ukweli wanatazama vikombe vyao vya kahawa.

Chandra hakutukana wala hakuomba radhi kwa lisilo kosa. Mwaka 1936 alimwoa Lalitha Doraiswamy, ambaye walisoma pamoja Madras, na mwanzoni mwa 1937 wakahamia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Chicago. Huko nako palikuwa na mitihani. Mkuu mmoja wa kitivo hakutaka afundishe kwa ajili ya rangi ya ngozi yake, mpaka rais wa chuo, Robert Hutchins, akaamuru kwamba atafundisha. Mwaka 1939 Chandra alizitia hesabu zake zote katika kitabu juu ya maumbile ya nyota, akakifunga, akageukia elimu nyingine. Ikawa ndiyo tabia yake maisha yote: huingia somo moja, hulichimba kwa miaka kadhaa, huliandikia kitabu, kisha huliacha. Kwa miaka 19, tangu 1952 hadi 1971, alilihariri pia jarida kubwa la wanafalaki wa Marekani.

Na Eddington? Hawakuvunja urafiki. Mzee alipofariki mwaka 1944, Chandra ndiye aliyesimama Chicago kumsifu kuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa zama zake. Na mwaka 1982, ilipotimia miaka 100 tangu Eddington azaliwe, alirudi Cambridge kutoa mihadhara ya kumkumbuka. Alilitaja kosa, na alizitaja fadhila. Huo ndio uungwana.

Sasa niingie katika kazi yake ambayo haisimuliwi sana, nayo ndiyo iliyonifanya niandike habari hii. Mwaka 1943 Chandra alijiuliza kitu kizito kinachosafiri katikati ya nyota nyingi kitapatwa na nini. Jibu lake naweza kulieleza kwa mfano wa hapa kwetu. Mtazame sheikh anayeheshimiwa akitoka msikitini siku ya Idi, akipita katika vichochoro vya Mji wa Kale. Kijana asiyejulikana atapita mbio. Lakini sheikh, kila anapopita watu huvutwa kumwelekea, huja kumpa mkono, huandamana nyuma yake. Kadiri anavyoheshimiwa ndivyo umati unavyozidi kumvuta na ndivyo mwendo wake unavyopungua, mpaka hatimaye atakaa barazani katikati ya mtaa. Angani ni hivyo hivyo. Kitu kizito huzivuta nyota, nazo hujikusanya nyuma yake na kukivuta kirudi. Kidogo kidogo hupoteza mwendo, kikazama hadi katikati.

Wakati ule hapakuwa na aliyejua hesabu hiyo itafaa nini hasa. Leo tunajua. Nyota zote tuzionazo kwa macho ni za mji mmoja wa nyota, ambao ukingo wake ni ule ukanda mweupe unaoonekana usiku wa giza. Miji kama hiyo huitwa galaksi, nayo ni mingi mno. Abdurrahman as-Sufi, mwanafalaki Mwislamu wa Uajemi, aliandika mwaka 964 habari za kiwingu kidogo angani, na kiwingu kile kimebainika kuwa galaksi jirani yetu, iitwayo Andromeda. Katikati ya takriban kila galaksi kubwa pamekaa shimo jeusi kuu. La kwetu lina uzito wa majua milioni nne hivi, na yapo yenye uzito wa mabilioni.

Galaksi hukutana na kugongana. Zinapochanganyika, kila moja huja na shimo lake. Ndipo hesabu ya Chandra ya 1943 inapofanya kazi: mashimo mawili hupita katikati ya nyota, hupunguzwa mwendo, huzama, mpaka yakaanza kuzungukana. Na ikija galaksi ya tatu kabla hayo mawili hayajaungana, yatakuwa matatu. Hapo mambo huchafuka. Lile la tatu laweza kuyasukuma mawili yaungane haraka, au dogo kati yao likatupwa nje kabisa.

Haya si ya kukisia tu, na hapa ndipo ninaporudi pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini kaskazini ya Malindi, katika Ghuba ya Ungwana. Kwa heshima ya nchi yetu iliitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ulimwenguni kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani, na ilifanya kazi hadi 1973. Ilitoa orodha ya mahali 339 panapotoa eksirei. Miongoni mwake ni Cygnus X-1, na uchunguzi wa Uhuru uliwaongoza wataalamu kukitambua kuwa shimo jeusi. Upuuzi uliochekwa London mwaka 1935 ulianza kuonekana kwa chombo chenye jina la Kiswahili, kilichoruka kutoka maji yetu.

Chandra alikuwa hai kuyashuhudia hayo. Alirejea kwenye somo la ujana wake, na mwaka 1983 akatoa kitabu kikubwa cha hesabu za mashimo meusi. Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 73, alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na William Fowler wa Marekani. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 50 tangu safari ile ya meli. Alifariki tarehe 21 Agosti 1995. Mkewe aliishi hadi mwaka 2013.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alikuwa mmoja wa wawili waliopendekeza mwaka 1976 darubini kubwa zaidi ya eksirei. Ilirushwa tarehe 23 Julai 1999 na kupewa jina la Chandra. Mwaka 2002 darubini hiyo ilitangazwa kuona jambo ambalo halijapata kuonekana: katika galaksi iitwayo NGC 6240, ambayo ni galaksi mbili zilizogongana, yapo mashimo meusi makuu mawili yenye kuwaka katika nyumba moja. Mwaka 2019 wataalamu waliotumia darubini iliyoko Chile walitangaza kwamba mle mna kiini cha tatu, na kwamba kila kimoja kina shimo lenye uzito wa majua zaidi ya milioni 90. Mwaka huo huo darubini ya Chandra ilisaidia kuthibitisha mashimo matatu katika galaksi nyingine, iliyo umbali wa miaka ya nuru bilioni moja. Na mwezi wa Juni 2023 wanafalaki wa nchi mbalimbali walitangaza dalili za mtikisiko mwepesi unaoenea ulimwenguni kote, ambao wengi wanaona unatokana na majozi ya mashimo kama hayo yanayozungukana.

Kwa hivyo, ile darubini yenye jina lake imeyakuta yale ambayo hesabu yake ilikuwa imekwisha kuyaeleza kabla.

Sisemi vijana waache kuwasikiliza wakubwa. Chandra mwenyewe aliwasikiliza: Sommerfeld alipomwambia elimu yake imepitwa alikubali, na Eddington alipompinga alizikagua hesabu zake tena na tena kabla ya kuzishikilia. Ninalosema ni kwamba hesabu haina mkubwa wala mdogo. Kijana akileta barazani jambo lake, kwanza tumwombe atuonyeshe alivyolipima. Na mwenye kujua kwamba amepima sawasawa, asitazame kikombe chake cha kahawa.